Dole Gumba la Ambakisye

Kyimo,
Jumapili alasiri

Mwanangu Atupele,

Habari za mablanketi, za mafuta ya kupikia na za watu wa kukwepa stendi utazipata kwa mama yako. Anazipanga tangu Alhamisi na sitamwingilia. Mimi nina jambo moja, nalo ni refu. Sikuweza kulisema mezani mchana kwa sababu baba yako mkubwa Gwamaka alikuwa amekaa pale akila ndizi, na jambo lenyewe lilikuwa lake kabla halijawa lako.

Kesho unakwenda Morogoro kuwa karani wa ghala la kiwanda. Barua ya kuitwa kazini imeandikwa jina la Neema. Cheti cha kidato cha nne kilichomo begini mwako ni cha Neema, binti wa baba yako mkubwa, aliyeolewa Nkunga na asiye na haja nacho. Nyumba nzima inajua, na hakuna aliyekunja uso. Wewe uliishia kidato cha tatu. Ada ilipanda na kibarua changu cha mwisho kikaisha, na mambo hayo mawili yalifika mlangoni wiki moja. Huwezi kulaumiwa kwa hilo. Nikuombe tu usome mpaka mwisho kabla hujafunga zipu ya begi.

Unajua kwamba nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la chai miaka ishirini na sita. Unayajua yale ya kuchekesha: kalamu mbili mfukoni, koti la mvua lililonuka majani mabichi, nyapara aliyekuwa akilala amesimama. Kuna moja ambalo hulijui. Mama yako analijua nusu.

Kila mchumaji alikuwa na namba. Iliandikwa kwenye kibati alichovaa shingoni na kwenye kikapu chake. Jioni majani yalipopimwa, hatukuita majina. Mtu alifika kwenye mzani, akataja namba, nikaandika kilo mbele yake. Mwisho wa mwezi namba hizo ndizo zilizokwenda ofisini, na kutoka ofisini orodha ilikwenda Mfukoni, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, Mbeya, na makato ya kila mmoja: nusu imekatwa kwake, nusu imetoka kwa mwajiri. Mwezi mmoja kwenye orodha ni mwezi mmoja wa uanachama. Mwezi ambao haukufika huko haupo, hata kama uliinama kwenye chai siku zote thelathini. Nilikuwa nawaeleza wachumaji hivyo kila mwaka, na waliniitikia kwa adabu kama wanavyomwitikia mchungaji.

Kaka yetu mkubwa, Ambakisye, alikuwa namba mia nne kumi na saba. Alijiandikisha Mfukoni siku za mwanzo kabisa. Hakujua kuandika, kwa hiyo kwenye fomu aliweka dole gumba. Mimi wakati huo nilikuwa bado shuleni misheni. Nilikuja kuiona fomu hiyo baadaye, nilipopewa ukarani: dole jeusi, pana, na kovu la panga likikata katikati.

Alikufa kwa homa mwaka ule vijana waliporudi kutoka vitani Uganda. Tulimzika kijijini Masoko, kwenye migomba ya baba. Matanga yalipoisha wazee walikaa, wakamweka Gwamaka mahali pake. Unajua tunavyofanya. Mrithi hapokei mali tu, anampokea mtu mzima mzima. Tangu siku ile watoto wa Ambakisye walimwita Gwamaka baba, mjane akawa mke wake, na wazee walipokutana naye njiani walimsalimu kwa jina la marehemu, naye akaitikia. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliyesoma sikuona ajabu.

Jumatatu iliyofuata alikuja shambani. Amevaa koti la Ambakisye, amebeba kikapu cha Ambakisye, kibati kinaning'inia shingoni. Jioni alisimama mbele ya mzani wangu.

"Mia nne kumi na saba," akasema.

Nikaandika kilo.

Nilipaswa kufanya mambo matatu, na yote niliyajua. Kupiga mstari kwenye jina la Ambakisye. Kujaza fomu ya kifo ili mjane na watoto wapate haki yao. Kumwandikisha Gwamaka upya, kwa jina lake, kwa dole lake. Lakini shamba lilikuwa limesimamisha ajira mpya mwaka ule, na kwenye laini za wafanyakazi, zile nyumba za kampuni, chumba kilikwenda na namba. Namba ikifa, chumba kinarudi kwa kampuni, na ndani ya kile chumba kulikuwa na mjane na watoto watano. Nilijiona naokoa nyumba. Jioni ile mjane aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akapiga magoti, akasema, "Ndaga fijo, shemeji, asante sana." Nikanywa.

Kosa hili mtu wa mjini asingelifanya. Angefanya la kwake. Hili ni la watu ambao kwao mtu akifa anapatikana wa kukaa mahali pake.

Gwamaka alichuma kwa namba ile miaka kumi na tisa. Hakukosa mwezi. Hata wiki aliyovunjika mkono, mkewe alichuma badala yake, na namba ikaonekana kwenye orodha. Mara mbili au tatu katika miaka hiyo nilimwambia, "Kaka, tuirekebishe hii habari." Kila mara palikuwa na sababu: mtoto anakwenda jando la shule, yaani mtihani, paa linavuja, meneja mpya ni mkali, tungoje aondoke. Wakaondoka mameneja wanne.

Halafu shamba likauzwa.

Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka pengine magari meupe tu. Mnunuzi alitaka watu wachache na daftari safi. Tukatangaziwa kwamba kila mfanyakazi atahakikiwa na Mfuko kabla ya kulipwa, na kwamba karani yeyote atakayekutwa na majina hewa hatapata hata shilingi ya kuachishwa kazi. Miezi hiyohiyo Mfuko wenyewe ulikuwa unabadilika. Zamani ulikuwa akiba: unatoka kazini, unapewa chako kwa mkupuo, mkono wa kwaheri. Sasa ulikuwa unageuka kuwa pensheni, mtu alipwe kila mwezi hadi kaburini, mradi awe na miaka kumi na mitano ya michango. Na miezi ya zamani ilihesabiwa: kila aliyekuwa nayo aliingia nayo kwenye utaratibu mpya. Watu wazima walisikia hilo kwenye redio wakaanza kuhesabu kwa vidole. Gwamaka alihesabu, akanijia akicheka.

"Mdogo wangu, nina kumi na tisa. Nimepita."

Nilijua kwamba hakuwa na hata mmoja.

Afisa wa Mfuko alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwekewa meza ndani ya stoo ya mbolea. Mimi nilikaa pembeni yake na daftari, meneja amesimama mlangoni. Foleni ilifika hadi kwenye mikaratusi. Karibu na saa sita akaingia Gwamaka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jina lako?"

"Ambakisye."

Akafungua jalada. "Umezaliwa mwaka gani, mzee?"

Gwamaka akanitazama. Nilikuwa natafuta kitu kwenye daftari.

"Zamani," akasema.

"Hapa pameandikwa mwaka wa ishirini na tano. Una miaka zaidi ya sabini. Umetunzwa vizuri."

Watu wa foleni wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Ni mtindi, mama. Hata wewe ukikaa huku mwezi mmoja utarudi msichana." Mama yule akacheka pia. Kisha akavuta kile kisahani cha wino akasema, bila haraka, "Naomba dole gumba lako, mzee. La kulia."

Kicheko kiliisha pole pole, kutoka mbele ya foleni kwenda nyuma.

Gwamaka akaweka dole. Mama akaichukua ile karatasi, akailaza kando ya fomu ya zamani, akazitazama zote mbili kwa muda. Niliona ninachokijua. Upande mmoja dole lenye kovu. Upande wa pili dole lisilo na kovu. Akavua miwani.

"Mzee, huyu mwenye kovu ni nani?"

"Ni kaka yangu. Ni mimi. Nimemrithi."

"Yuko wapi?"

"Masoko. Kwenye migomba."

"Alifariki lini?"

Gwamaka akataja mwaka, wazi, kama mtu anayetaja idadi ya ng'ombe wake. Hakuwa akificha kitu, Atupele. Hilo nataka ulielewe. Hakuwahi kudhani kuna kitu cha kuficha.

Mama akanigeukia. "Karani, huyu mzee unamfahamu?"

Meneja alikuwa ananitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita ya miezi yangu mwenyewe, kwa jina langu, kwa saini yangu, safi. Nilikuwa na mama yako, wewe na wadogo zako. Yule mtu alinibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa nakwenda darasa la kwanza.

"Ninamfahamu kwa namba, mama," nikasema. "Watu ni wengi. Sura zinapotea."

Sitaliremba jambo hilo. Niliulizwa mara moja, nikajibu mara moja, na mama yule akaandika. Akamweleza Gwamaka kwa upole kwamba marehemu hachangii. Ambakisye anayo michango yake mpaka alipokufa, na warithi wake waende mahakamani wakathibitishe kifo. Iliyoingia baada ya hapo imeingia kwa mtu ambaye hayupo, na itakaa hapo hadi atokee mwajiri au karani wa kuthibitisha kwa maandishi nani hasa aliyeifanyia kazi. Na yeye, Gwamaka, katika vitabu vya Mfuko hajawahi kufanya kazi popote.

"Hata siku moja?" akauliza.

"Hata siku moja, mzee."

Jioni tulirudi pamoja, kwa sababu njia ni moja. Tulipofika kwenye daraja la miti akasimama, akanionyesha dole lake, bado lina wino.

"Kumbe nilizikwa na Ambakisye siku moja," akasema, "na hata kilio changu sikukisikia."

Kisha akasema, "Umefanya kazi yako, mdogo wangu," na hajalitaja tena jambo hilo kwa miaka yote hii. Nilingoja anitukane. Ningepumzika.

Mimi nililipwa. Bati lililo juu ya kichwa chako, linalopigwa na mvua wakati naandika hapa, limetoka kwenye malipo yale. Gwamaka anachuma vibarua kwenye vishamba vya watu Nkunga, akiwa na zaidi ya miaka sitini, na siku akiumwa kiuno hali. Ukimwona anapita hapa alfajiri na kikapu, unamsalimu na kumwingiza jikoni. Sasa unajua anatoka wapi.

Mwezi wa tatu, ulipokosa kazi ya pili kwa sababu ya cheti, ni yeye aliyekuja na cha Neema, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki, amekiweka kifuani chini ya koti. "Kinaliwa na mende bure," akasema. "Jina ni la ukoo, mtoto alitumie." Mama yako alimshika mikono yote miwili. Nilimsindikiza hadi njia panda, na huko nikamuuliza, "Kaka, umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi mbona unampa mtoto?"

"Ile namba ilinilisha miaka kumi na tisa. Watoto watano wamekua. Wewe una nini cha kumpa?"

Nilirudi nyumbani, nikakusaidia kuandika barua ya maombi, kwa mwandiko wangu, kwa jina la Neema. Hivyo nimelifanya kosa lilelile mara mbili, na mara ya pili nikiwa nimeshaona mwisho wake.

Nikuambie mwisho huo kwa upande wako, kama ninavyouona mimi niliyejaza fomu hizo kwa mikono yangu. Siku ya kwanza kiwandani watakupa fomu ya Mfuko. Utaandika Neema, tarehe ya kuzaliwa ya Neema, na chini yake utaweka dole lako. Kuanzia hapo kila mwezi utakaofanya kazi unaingia kwa Neema. Ukijifungua, msaada wa uzazi ni wa Neema, na kadi ya kliniki lazima iseme Neema. Ukiumia kazini, aliyeumia ni Neema. Siku yoyote Neema mwenyewe, au mtu wa kwao aliyebanwa na shida, anaweza kwenda Mfukoni na cheti cha kuzaliwa akadai, na ukweli utakuwa upande wake. Akifa yeye Nkunga na kifo kikaandikishwa, wewe umekufa. Na ukifa wewe, Mungu apishilie mbali, mrithi wako kwa karatasi ni mume wa Neema, yule fundi baiskeli. Mama yako hatakuwa mtu yeyote kwenye dirisha la Mfuko.

Utasema utarekebisha baadaye, ukishazoea kazi. Gwamaka alisema hivyo. Miezi haikai kimya, mwanangu. Kila mmoja unaoongezeka unafanya wa kwanza uwe mgumu zaidi kuugusa, mpaka siku moja una miaka kumi na tisa na unaogopa kuitazama.

Siwezi kukuambia kwamba jina lako litakupa kazi ileile. Halitakupa. Lugano wa hapo jirani anafungasha hapohapo kiwandani, na anasema getini wanachukua wafungashaji kwa cheti cha darasa la saba. Ni kazi ya kusimama, mshahara mdogo, na wengine hukaa vibarua muda mrefu kabla ya kuandikwa. Utamwona karani wa ghala anapita na ufunguo na utajua kingekuwa kiti chako. Gwamaka atakuwa na haki ya kuniuliza tena nina nini cha kukupa. Sina.

Cheti cha Neema nimekiacha begini ulipokiweka. Nilikitoa asubuhi mlipokuwa kanisani, nikakishika muda mrefu, nikakirudisha. Chini yake nimeweka cheti chako cha darasa la saba na kadi yako ya ubatizo. Sijamwambia mtu. Fomu ni yako, na dole ni lako.

Jambo la mwisho. Mama yako anadhani nakusindikiza Mbeya kwa sababu ya miwani yangu. Miwani yangu haina tatizo. Ijumaa nilikwenda mahakama ya mwanzo Tukuyu, nikaapa mbele ya hakimu, na hati hiyo iko mfukoni mwa koti langu, imegongwa muhuri. Inasema mimi nilikuwa karani. Inasema nilijua siku Ambakisye alipokufa kwa sababu nilibeba jeneza. Inataja mwezi ambao mtu mwingine alianza kufanya kazi kwa namba ile, na inasema nilipoulizwa na afisa wa Mfuko nilidanganya. Hakimu aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Akaniuliza kama nimeshakula malipo yangu. Nikamwambia nimeyaezekea nyumba. Akanitazama, akagonga muhuri, akasema, "Mzee, ukiipeleka hii huko, mlango utakaoingilia unaweza usiwe wa kutokea."

Sijui watafanya nini. Huenda wakamwandika Gwamaka miezi yake. Huenda wakasema imechelewa, wakabaki na mimi tu. Huenda wakalitaka bati. Jioni nisiporudi, mdogo wako anajua mahali karatasi za kiwanja zilipo, na Gwamaka hajui lolote, wala asijue mpaka kuwe na jibu.

Kesho basi tutapanda gari moja hadi Mbeya. Wewe utapata basi la Morogoro, mimi nitapanda ngazi za ofisi ya Mfuko. Dirishani wataniuliza ni nani aliyechuma kwa namba mia nne kumi na saba. Safari hii nitataja jina lake.

Keshokutwa, getini, nawe utaulizwa jina.

Baba yako